Gari la Kulala Lapelekwa Mavuno

Kuku wa Obeid alikuwa ameatamia kiti cha dereva, na Rabson, badala ya kumwona kuku, aliona milioni kumi na nane.

Hiyo ndiyo ilikuwa karama yake. Watu wengine waliopita kwenye gereji ya Obeid pale Mbalizi waliona gari chakavu la rangi ya maziwa, lenye mstari wa rangi ya chungwa ubavuni na nyasi zilizopanda mpaka kwenye rimu. Rabson aliona mapazia. Alipopangusa vumbi la kioo kwa kiwiko aliona jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, makabati ya plaiwudi na, kule nyuma, kitanda cha watu wawili. Lilikuwa gari la kulala, yale ambayo wazungu huzunguka nayo dunia wakipika na kukoroma humo humo. Na jana yake tu, kwenye grupu la WhatsApp la madalali, mtu alikuwa ameandika kwamba kuna mama mwenye kiwanda cha mbao Mafinga anatafuta gari lenye kitanda, maana amechoka kung'atwa na kunguni wa gesti kila anapokwenda kununua miti vijijini.

Rabson alikuwa dalali wa magari. Ni kazi yenye heshima zake, na wapo madalali waaminifu Mbeya nzima. Tunawatakia afya njema wote watatu. Yeye alikuwa na meno meupe, koti moja la suti alilolivaa kwa dili nzito tu, na sauti ya mtu anayekupa pole kabla hujafiwa.

Obeid alitoka chini ya lori akijifuta mikono kwa tambara, akamweleza habari za gari lile bila kuombwa mara mbili. Mwaka juzi wazungu wawili, mke na mume, walikuja nalo kutoka kwao kwa njia ya nchi kavu. Likawachemkia kwenye mlima wa Inyala, wakagombana, wakamuuzia yeye kwa bei ya hasira, kisha wakapanda ndege Songwe kila mmoja na siku yake. Ushuru alilipa, kadi akabadilisha. Kitu pekee kilichokuwa kizima kabisa kwenye gari lile, alisema Obeid, ni kadi.

Fundi alitaka milioni nane. Rabson hakuwa na milioni nane. Alichokuwa nacho ni Probox nyeupe aliyokuja nayo, na hapa inabidi tuseme ukweli ambao Rabson mwenyewe aliukwepa: Probox ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Tusekile, mkewe, ambaye aliinunua kwa viazi vya misimu mitano, akiamka alfajiri na kuinama shambani mpaka kiuno kikasahau kunyooka. Kadi tu ndiyo ilisoma jina la Rabson, kwa sababu siku ya kuandikisha Tusekile alikuwa anavuna, na mumewe alijitolea kwa moyo mweupe kumsaidia kupanga foleni.

Wiki ile Tusekile alikuwa Rungwe kwa mama yake, anarudi Jumatatu. Rabson akapiga hesabu. Leo Jumanne anabadilishana na Obeid. Jumapili anauza kwa milioni kumi na nane. Jumatatu asubuhi anaikomboa Probox kwa milioni nane, anaiosha, anaiegesha nyumbani, na kumi zinabaki kwenye koti. Mchongo ulikuwa safi kiasi kwamba alijionea huruma kwa kutokuwa na mtu wa kumsimulia.

"Hutaki kuingia chini kuangalia?" Obeid aliuliza.

Rabson alisema hana haja.

"Hata kuliwasha injini ingali baridi? Hata kupanda juu kuangalia paa?"

"Fundi, mimi siyo mteja wa kuingizwa mjini. Mimi ndiye mji wenyewe."

Tumwelewe. Maisha yake yote Rabson aliwachukia wanunuzi wanaoingia chini ya gari. Kwake huyo alikuwa mtu asiye na malezi, na asingeweza kujishusha kiasi hicho mbele ya fundi. Wakaandikishana, Obeid akaahidi kuiweka Probox pembeni mpaka Jumatatu saa sita, baada ya hapo ataiuza kwa mtu wa Tunduma aliyekwisha kuitaka. Jioni ile Tusekile alipopiga simu na kuulizia gari lake, Rabson alimjibu kwamba liko gereji. Na kweli lilikuwa gereji.

Siku mbili alizitumia kulipamba lile jingine. Kutu za milangoni alizipaka puti, juu ya puti rangi. Tairi alizipaka dawa ya viatu mpaka zikang'aa. Harufu ya kuku aliifukuza kwa chupa nzima ya manukato ya dukani. Darini palikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa sinia, lililolainika ukilibonyeza. Juu yake alibandika kalenda ya kanisa yenye picha ya mito na kondoo. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kumi, akalitazama, na kwa dakika nzima akatamani kulinunua.

Ijumaa akaondoka kuelekea Mafinga, na ndipo gari lilipoanza kumfundisha mambo ambayo mnunuzi wa mara ya kwanza hupaswa kuyajua kabla ya kutoa kitu chake. Lilimfundisha kwamba usukani ukiwa kushoto, huwezi kulipita lori mpaka uwe umetoa kichwa chote barabarani kama mtu anayechungulia kwa jirani. Lilimfundisha kwamba vyombo, mtungi wa gesi na milango ya makabati vyote vina uzito na vyote vinapenda kuhama kwenye kona. Kwenye mteremko wa Inyala breki zilinuka. Kabla ya Igurusi friji ilifunguka yenyewe na kukataa kufungwa. Kufika Igawa mshale wa joto ulikuwa umelala upande usiotakiwa, mvuke ukatoka chini ya kiti chake, maana injini ya gari lile ilikaa hapo hapo chini ya makalio ya dereva.

Alisimama Igawa saa mbili nzima. Wauza mchele walimzunguka, mmoja akamuuliza kama anauza chipsi humo ndani. Alinunua madumu manne ya maji, akamwagia rejeta, akapanda kuelekea Makambako kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, huku malori ya mbao yakimpigia honi. Njiani tairi moja iliyong'aa vizuri ilipasuka. Kijana wa pancha aliyemfungia tairi ya akiba alisoma tarakimu za ubavuni akamwambia kwamba tairi zile zimetengenezwa miaka kumi na minne iliyopita, kashata, yaani meno ya kukamatia barabara, zipo lakini mpira umekufa. Rabson alimshukuru akamwomba asilirudie neno hilo mbele ya watu.

Alipokuwa anatafuta spana kabatini, mkono wake uligusa kitu laini na cha duara. Yai. Kuku wa Obeid alikuwa ameliacha nyuma ya sahani za wazungu, siku gani hakuna ajuaye. Rabson hakuwa mtu wa kutupa mali; akalifunga kwenye leso, akalitia mfukoni mwa koti.

Mwenye kiwanda cha mbao aliitwa Mama Happy. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, amevaa sweta mbili na buti za mvua, vumbi la msumeno kwenye nyusi. Aliongea polepole na kwa sauti ndogo, na Rabson, aliyezoea kuwapima watu kwa sauti zao, moyo ukamtulia. Aliona huyu kashaliwa.

"Kamwene," Mama Happy alimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Bwana Yesu asifiwe, mama," alijibu Rabson, ambaye kanisani alikwenda mara ya mwisho kuoa.

Mama Happy alieleza kwamba hajawahi kununua gari maishani. Mbao zake hubebwa na malori ya kukodi. Ila binti yake, Happy, anasomea ufundi wa magari chuo kimoja Iringa mjini, na kwa kuwa yuko kwenye mitihani amempigia simu mama akamwandikisha maswali ya kuuliza. Akatoa daftari la shule kutoka ndani ya sweta, na kalamu, akalamba kidole. Kila alichojibiwa alikiandika, taratibu, kwa mwandiko wa mtu aliyeadhibiwa kwa mwandiko mbaya.

Aliuliza tairi zina umri gani. Rabson alisema tairi siyo mtu, haina umri, ina kashata. Aliuliza kama gari linachemka. Rabson alisema limetoka Mbeya hadi hapa bila kuomba maji, na kwa maana fulani ni kweli, halikuomba, lilichukua. Aliuliza kutu, akajibiwa kwamba kutu ni ugonjwa wa magari ya pwani, huku juu baridi inauzuia. Aliuliza kama paa linavuja.

"Mama, humu ndani ukilala mvua utaisikia redioni."

Mama Happy aliandika hilo nalo. Kisha akapanda ndani, akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye daftari. Akaanza kugonga. Alikunja kidole akagonga makabati, akagonga kuta, akapiga magoti akagonga sakafu, kila pigo akiinamisha sikio. Rabson alimwuliza anatafuta nini. Mama Happy alisema ni mazoea tu ya kiwandani: mbao kavu ukiigonga inaitika, mbichi inanyamaza. Akaitazama kalenda ya darini kwa muda.

"Hii ya mwaka juzi."

"Mwenyewe hakupenda kutupa neno la Mungu," alisema Rabson. Na hapo ndipo ulimi wake, uliomlisha miaka ishirini, ulipomchimbia shimo. Aliona uso wa mama umelegea kwenye neno lile, akaona mlango, akaingia mzima mzima. Akamhadithia habari za Mzee Diter, mmisionari wa Kijerumani mwenye ndevu nyeupe, aliyehubiri vijijini miaka thelathini akilala ndani ya gari hili. Akaugua figo. Siku ya kuondoka alimshika Rabson mkono kwa machozi, akasema: mwanangu, gari hili si langu wala si lako, nimelitoa kwa kazi ya Mungu, usimpe mlevi. Milioni kumi na nane, alisema Rabson akijifuta jicho, wala siyo bei. Ni dawa za mzee.

"Alisema hivyo? Kwa kazi ya Mungu?"

"Kwa kinywa chake, mama. Andika kabisa."

Mama Happy aliandika, akamgeuzia daftari atie sahihi. Rabson akatia sahihi yenye mikia miwili. Alikuwa amesaini mambo mengi ya uongo maishani, na hili halikuwa zito kuliko mengine.

Kisha mama akasema kwamba mbao ikiletwa kiwandani hawainunui siku ile ile. Wanailaza kwanza, waone kama itapinda. Na gari la kulala, kwa akili yake ya kijinga, nalo lilazwe. Kwa kuwa mgeni amesema humo ndani mvua unaisikia redioni, basi alale yeye, maana nyumba yake imejaa wajukuu.

Manyunyu ya huku Mufindi mwezi wa saba si mvua ya kelele. Yanaanza jioni kama mzaha, na hayaondoki mpaka kila kitu kimekubali kulowa. Usiku ule Rabson alijua paa lina matundu mangapi, kwa sababu alijaribu kulala chini ya kila moja. Kalenda ilidondoka yenyewe, ikamfunika uso na kondoo zake. Alipokanyaga chini kutafuta pakavu, mguu ulizama kwenye sakafu iliyolainika mpaka kifundoni. Betri ikafa, taa ikazima, na ule ubaridi wa Mafinga ukaingia mifupani bila kubisha hodi. Aliogopa kufa humo ndani, kisha akaogopa zaidi kutoka. Ikambidi afikirie kitu cha kumtia joto, akamfikiria Tusekile siku atakayojua, na kweli akatokwa jasho.

Asubuhi Mama Happy alimkuta amesimama mlangoni, koti limemganda mwilini, meno meupe yanagongana.

"Umelalaje?"

"Kama askofu," alisema Rabson.

Mama Happy akampa chai ya moto na sweta la marehemu mumewe. Hakuuliza zaidi. Alisema amelipenda gari, atalichukua, ila kwao kitu kikubwa hununuliwa mbele ya mashahidi, na kesho ni Jumapili ya Mavuno. Walipeleke kanisani liombewe, na baada ya ibada wamalizane palepale mbele ya wazee wa usharika. Rabson alijisikia kulia kwa furaha. Jumapili. Kama alivyopanga. Akalala usiku wa pili kwenye mbao kavu za kiwandani, akiota Probox.

Jumapili viwanja vya usharika ule wa Kilutheri vilijaa. Watu walileta walichovuna: magunia ya mahindi, viazi, mbuzi watatu, maboga, mikungu, mafungu ya mbao zilizorandwa, na majogoo yaliyofungwa miguu. Rabson alielekezwa aegeshe kwenye mstari, kati ya mbuzi na miwa. Kila mtu alikuwa ameshika kitu, na yeye mikono mitupu ilimtia aibu mbele ya mteja wake. Akakumbuka leso mfukoni. Sadaka ilipopita, akaweka yai.

Baada ya ibada ulianza mnada. Mzee Dastan, fundi seremala mwenye sauti isiyohitaji kipaza na kipaza akawa nacho, alisimama juu ya benchi, na tarumbeta zikajibu kila kitu kilichouzwa. Rabson alikuwa ameisahau minada hii ya kanisani, na sasa aliitazama kwa macho ya kitaalamu. Boga moja lilikwenda kwa elfu arobaini. Jogoo mwenye jicho moja, laki moja na nusu. Watu hawakuwa wananunua boga, walikuwa wanampa Mungu, na kila mmoja hakutaka jirani yake ampe zaidi. Kisha Mzee Dastan akainua yai.

"Yai la mgeni wetu kutoka Mbeya. Nani ana elfu tano?"

Yupo aliyekuwa nayo. Yupo pia aliyekuwa na elfu kumi. Mama Happy, kwa sauti yake ndogo, akasema elfu ishirini na tano, tarumbeta zikalia, na kama ilivyo desturi akaomba yai lirudishwe kwa mgeni kama zawadi. Rabson alilipokea huku kichwa kikizunguka. Yai la bure, la kwenye kabati, elfu ishirini na tano. Akalitazama gari lake lililong'aa kati ya mbuzi na miwa. Milioni kumi na nane, kwa bei za soko la watu wa Mungu, ilikuwa ni bei ya yatima. Hapa mtu angetoa thelathini. Labda arobaini.

Akamwinamia Mama Happy akamnong'oneza kwamba, kwa upendo wa usharika, yuko tayari gari liingie mnadani. Kanisa lichukue fungu lake la kumi, kinachobaki ni dawa za mzee. Mama Happy alimtazama kwa macho yale aliyoitazamia kalenda.

"Una hakika, baba? Likishapanda mnadani halishuki."

"Mama, mimi nikisema nimesema."

Mama Happy akaenda mbele na daftari lake. Akasoma kitu sikioni kwa Mzee Dastan, akamwonyesha na sahihi. Mzee Dastan alivua kofia.

"Wapendwa," alisema, na uwanja wote ukatulia. "Kuna mtumishi mmoja wa Mungu alihubiri nchi hii miaka thelathini. Alipoondoka akiwa mgonjwa aliacha gari lake, akasema, nanukuu, nimelitoa kwa kazi ya Mungu. Akamwachia ndugu huyu. Wapendwa, ndugu huyu angeweza kuliuza, na hakuna mtu angejua. Amelileta hapa."

Kilichofuata Rabson alikiona kama mtu anayeangalia nyumba yake inaungua kutoka mlima wa pili. Akina mama walipiga vigelegele. Walimfunga kitenge mabegani. Mtu alimnyanyua mkono, wengine waliinua simu wakipiga video, na kwaya ikaanza wimbo wa shukrani. Alifungua mdomo aseme habari ya fungu la kumi. Lakini ili aiseme ingembidi aeleze kwamba mzee anataka dawa, na wapo ambao wangetaka namba ya simu ya mzee wamwombee, na kwenye mstari wa besi wa kwaya, wa pili kutoka kushoto, alikuwa trafiki mwenye sare, Biblia kwapani. Rabson akafunga mdomo. Mzee Dastan alimletea kikapu cha sadaka, na ndani yake Rabson akaweka funguo, kadi, na karatasi ya mauzo aliyoisaini akiwa amevaa kitenge, huku anapigwa picha. Sahihi safari hii haikuwa na mkia hata mmoja.

Tena hata bei haikumheshimu. Watu walikuwa wamemaliza fedha kwenye majogoo, na waliobaki ni watu wa mbao, nao walikwisha kupita wakigonga. Mama Happy alisema laki nane. Mzee Dastan akauliza mara ya kwanza, mara ya pili, tarumbeta zikalia.

Rabson alimfuata Mama Happy pembeni ya gari. Alisema alimwamini. Mama Happy alikuwa anagonga mlango kwa kidole, akisikiliza.

"Na mimi nimekuamini. Ulisema ni la kazi ya Mungu, nikaandika."

"Ulijua ni bovu."

"Tairi mbovu, breki mbovu. Hayo Happy atafunga, tena atafurahi, ana mtihani wa vitendo. Kilichooza kingine humu ni mbao tu, baba, paa na sakafu. Mimi nina kiwanda cha mbao." Akakunja daftari. "Swali la mwisho la Happy lilikuwa: kwa nini muuzaji analiuza? Nilisahau kukuuliza."

Akampa nauli ya basi, na sweta akamwambia abaki nalo.

Rabson alifika Mbeya Jumatatu saa tisa. Akiwa njiani, pale Igawa, alikuwa amempigia simu Obeid, naye akamwambia kwamba saa sita imepita, mtu wa Tunduma ni mtu wa kuheshimu saa, na Probox ameshaondoka nayo. Aliteremka Uyole na kutembea kwa miguu. Kwenye kona ya kwao muuza genge alimwita mtumishi. Jirani ambaye hajawahi kumsalimia alimwomba amwombee mtoto. Nyumbani mlangoni walikuwa wamekaa wazee wawili wa kanisa la Moraviani alikobatizwa, wamevaa makoti, wamekunywa chai yao. Walisimama wakampa mkono kwa mikono miwili. Video, walisema, imefika mpaka Rungwe. Walitaka tu kumkumbusha ndugu yao kwamba Mavuno ya hapa nyumbani ni Jumapili ijayo, na Bwana hapendelei Mafinga kuliko Mbeya.

Wakaondoka. Tusekile alikuwa amesimama jikoni, bado amevaa nguo za safari. Alikuwa amelia, na Rabson aliona kwa uchungu kwamba alilia kwa fahari. Kwa miaka kumi na sita mwanamke yule alikuwa akimtetea kwa ndugu zake, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu mkononi cha kuwaonyesha.

"Gwe Rabson," alimwita taratibu, "nimeiangalia ile video mara nane. Nikajiuliza, gari lile alilipata wapi?"

Rabson alivuta kiti, akaketi.

"Halafu nikajiuliza, Probox inatoka gereji lini?"

Maswali mawili tu, wala hakuyaandika popote. Rabson alitafuta mfuko wa kushoto, akatafuta wa kulia, kwa mazoea ya mtu ambaye siku zote hupata kitu. Safari hii mkono ulirudi na leso. Akaifungua mezani. Tusekile alilitazama yai, akamtazama mumewe, akatazama tena yai, na Rabson aliona ile fahari inatoka usoni mwake polepole mpaka ikaisha. Hilo lilimuuma kuliko Probox, na alishangaa lilivyomuuma.

"Lilinunuliwa elfu ishirini na tano," alisema.

Tusekile aligeukia jiko. Akaweka kikaango motoni, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa amepika, akaligonga yai ukingoni. Harufu ikajaa jiko, ikatoka hadi uani, na jirani aliyeomba kuombewa mtoto akafunga dirisha. Yai lilikuwa viza.

Katika wiki nzima ile Rabson alikuwa amefanikiwa kuuza kitu kimoja kibovu kwa bei nzuri, na mnunuzi alikuwa amemrudishia.